Mlango Unaojifungua



Juma lililopita nilialikwa Mwembesongo kuitazama nyumba mpya ambayo, Mungu akipenda, nitaibariki hivi karibuni. Nyumba yenyewe haijakamilika. Imekwisha kuezekwa na madirisha yana nondo, lakini kuta bado ni matofali matupu, na fundi umeme nilimkuta akichora kwa chaki mahali pa swichi na soketi. Anayeijenga ni kijana wetu afanyaye kazi Dar es Salaam. Atakayekaa ndani yake ni mama yake mzazi, mjane aliyevuka miaka sabini, pamoja na wajukuu wawili na binti wa kazi.

Kijana alikuwa na orodha ya ukurasa mmoja na nusu, akaisoma mbele yetu kwa sauti. Geti la mota. Kitasa cha mlango mkubwa kinachofunguka kwa simu au kwa alama ya kidole. Kamera sita, tatu kati yake ndani ya nyumba. Taa zinazowaka mtu apitapo. Kiyoyozi kinachoweza kuwashwa mtu akiwa bado njiani. Kengele ya mlangoni yenye jicho na sauti. Na vyote hivyo viongozwe kutoka simu moja, yaani simu yake yeye. “Nikiwa Kariakoo, Padri, nitaweza kumfungulia mama geti,” alinieleza kwa furaha ya mtu aliyetoka jasho akaona matunda yake.

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisikiliza. Akaniuliza, “Baba Paroko, mlango huo unaojifungua wenyewe, mtoto wake tutamwita nani?”

Tulicheka sote, hata fundi aliangusha chaki. Lakini aliponisindikiza hadi barabarani mama hakucheka tena. Aliniambia wazi kwamba hatahamia. Nyumba yake ya zamani ina vyumba viwili na komeo, na komeo hilo analijua. Jioni ya siku ile ile mwanawe akanipigia simu kuniomba nimshawishi.

Nimekaa na jambo hilo juma zima. Naliandika hapa, kwa idhini yao wote wawili, kwa kuwa si la nyumba moja tu. Maboma mapya yanachipua pande zote za mji wetu, na vijana wetu waliobarikiwa kupata kazi mbali wanawajengea wazazi wao. Jambo hilo ni jema mno. Orodha kama ile nimeiona sasa mara ya tatu. Na maoni yangu, niyaseme mapema ili msomaji asinitafute, ni kwamba mama ana haki. Hana haki kwa sababu vifaa ni vibaya. Ana haki kwa sababu mpango wa nyumba yake umeanza kwa mtu asiyelala ndani yake.

Nisidhaniwe kuwa adui wa mitambo. Saa za mitambo zilipoenea Ulaya katika karne ya 13 na ya 14, nyingi zilifungwa katika monasteri na makanisa, ili kengele ya sala isitegemee usingizi wa mtu mmoja. Wala wazo la nyumba inayojiendesha si la leo. Mwaka 1966 mhandisi mmoja wa Marekani, Jim Sutherland wa kampuni ya Westinghouse, alikuwa na kompyuta nyumbani kwake aliyoiita Echo IV, kubwa kama safu ya makabati, iliyotunza kumbukumbu za familia na kusimamia joto la nyumba. Mwaka 1975 wahandisi wa Scotland wakabuni mfumo wa X10, uliopitisha amri za kuwasha na kuzima taa ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Sisi wenyewe tunaishi na vitu vinavyojiendesha bila kuviita kwa jina hilo. Jokofu hujizima likipoa. Pasi hujikata ikipata moto wa kutosha. Mita ya LUKU hukata umeme uniti zikiisha, usiku au mchana, bila kumwonea mtu haya.

Katika orodha nzima kuna kitu kimoja nilichokishangilia, nacho kijana alikiandika mwisho kabisa, kana kwamba si cha kujivunia: pampu ya maji. Kila anayeishi hapa anajua kwa nini. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka Bwawa la Mindu, na katika mitaa mingi huja kwa zamu. Ni nani kati ya akina mama zetu ambaye hajawahi kuamka saa nane za usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukohoa? Basi fundi huweka simtanki moja chini, ya kupokea maji yanapokuja, na nyingine juu ya mnara. Ndani ya ile ya juu huning’inia boya. Maji yakipungua boya hushuka na kuwasha pampu, yakijaa hupanda na kuizima. Boya la pili hukaa katika tanki la chini, ili pampu isivute hewa tanki likiwa tupu, maana pampu inayozunguka bila maji huungua. Mpango wote ndio huo. Hauhitaji simu wala intaneti wala neno la siri, na fundi yeyote wa mjini anaweza kuutengeneza ukiharibika. Utampa mama usingizi wa usiku mzima. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kiwe hiki.

Sasa niseme habari ya geti, na hapa sina budi kujisema mwenyewe.

Katika parokia niliyoitumikia miaka ya nyuma tulifunga geti la mota. Lilikuwa geti zuri, la kuteleza juu ya reli, nasi tulilionea fahari. Kwa hoja ya usalama tuliuziba na ule mlango mdogo wa watembea kwa miguu. Usiku mmoja walikuja watu kuniita nikampake mgonjwa mafuta matakatifu. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mota za namna ile zina tundu la ufunguo mdogo wa kuliachia geti ili lisukumwe kwa mkono, lakini ufunguo ule alikuwa nao mwenzangu, naye alikuwa likizo. Gari likabaki ndani. Niliegemeza ngazi ya sakristia ukutani, nikaruka upande wa pili, nikaenda kwa miguu na wale walioniita, mwendo wa saa nzima. Nilipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kulia.

Nilimwombea marehemu na kukaa na wafiwa hadi alfajiri. Hakuna aliyenilaumu. Lakini saa ile moja ninayo bado. Geti halikukosa lolote, maana lilifanya kile lilichoundwa kufanya. Tuliokosa ni sisi, tulionunua kitu bila kuuliza kitakuwaje siku umeme usipokuwapo.

Na siku hizo zipo, ingawa mambo yamekuwa mazuri kuliko zamani. Mkoa wetu una kituo cha Kidatu kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mpakani mwa Morogoro na Pwani, katika Mto Rufiji, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024. Hata hivyo Aprili 1 ya mwaka huo huo, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu, nchi ikaingia gizani. Intaneti nayo ina siku zake. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, mawasiliano yakadorora Afrika Mashariki yote. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini kwa siku kadhaa. Nilimwuliza kijana: siku zile, ungemfungulia vipi mama geti ukiwa Kariakoo? Alikaa kimya kidogo. Akasema kwamba siku zile hata sauti ya mama hakuwa na hakika ya kuipata.

Kwa hiyo kila kitakachofungwa katika nyumba ile kifanye kazi kwa mkono wa mtu aliyemo ndani, gizani, bila simu. Swichi ya taa ibaki ukutani mahali mkono ulipozoea kuitafuta. Geti liwe na mlango mdogo wenye komeo na kufuli la kawaida, na ufunguo wa kuachia mota utundikwe mahali ambapo hata mjukuu anapajua. Kitasa cha mlango mkubwa, ukikipenda cha namna ya kisasa, kiwe pia na tundu la ufunguo kwa nje, na kwa ndani kifunguke kwa kuzungusha mkono tu. Hili la mwisho nalisema kwa uzito. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha. Moto ukitokea, mlango ndio njia. Ikiwa mlango nao unasubiri umeme, au unasubiri kidole ambacho miaka mingi ya jembe imekwisha kukilainisha alama zake, tumewajengea wazazi wetu kizimba. Ningependa hata dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ingawa najua mafundi wengi wa kuchomelea watashangaa ukiwaomba.

Kuhusu kuta nitasema kama mtu aliyefundishwa na fundi, maana kabla ya siku ile sikuyajua. Wakati wa kupanga mambo haya ni sasa, boma likiwa halijapigwa lipu. Katika nyumba zetu nyingi swichi ya taa hupelekewa waya wa moto peke yake na waya wa kurudi kwenye taa; nyutro hupita juu ya dari na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi. Lakini nyingi kati ya hizi swichi za kuongozwa kwa simu zinahitaji umeme kidogo wakati wote ili ziwe macho, nazo haziwezi kuupata bila nyutro ndani ya kisanduku chake. Mwenye nyumba anayeyajua haya baada ya kupaka rangi hulazimika kupasua ukuta upya. “Padri,” fundi aliniambia, “hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nyutro kabla ya lipu. Wote huniuliza baada ya rangi.”

Kijana wetu basi amebahatika. Fundi atapeleka nyutro katika kila kisanduku cha swichi, na visanduku vitakuwa vya kina kirefu. Atalaza pia mabomba matupu ya plastiki, yenye kamba ndani ya kuvutia waya, hadi getini, hadi mnara wa tanki na hadi pembe mbili za paa. Bomba tupu si ghali, nalo halizeeki. Mama akitaka kiyoyozi baada ya miaka kumi, njia ipo. Asipotaka, hakuna aliyepoteza kitu. Naona hekima kubwa katika kuacha nafasi bila kuijaza, ingawa hekima hiyo ni ya fundi. Tukaongeza erthi iliyochimbiwa vizuri na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kwenye meni swichi, kwa sababu radi za masika zitokazo Uluguru hazibagui kifaa cha bei kubwa na cha bei ndogo. Tena nawasihi, kazi hii mpeni fundi mwenye leseni ya EWURA. Mpwa aliyewahi kufunga balbu mbili akaona anaweza tumekwisha kumlipia vya kutosha.

Jambo lingine lililonishtua ni umri wa vifaa hivi. Mlango wa mninga hukaa miaka hamsini. Lakini vifaa vingi vya orodha ile huishi kwa kutegemea kompyuta za kampuni zilizo mbali; amri ya kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka ulipo huvuka bahari kwanza, kisha hurudi. Kampuni ikichoka, kifaa hufa kikiwa kizima. Huko Marekani watu walinunua kifaa cha kuongozea nyumba kiitwacho Revolv. Kampuni ya Nest iliyokuwa imekinunua ikazima huduma yake Mei 15, 2016, na vifaa vikageuka mapambo. Aprili 2022 kompyuta za kampuni ya Insteon nazo zilizimwa ghafla, bila wateja kuambiwa kabla. Kwa hiyo mtu akinunua, aulize swali moja dukani: intaneti ikikatika, je, kitu hiki kitaendelea kuitikia kikiwa ndani ya nyumba? Muuzaji akianza kuzunguka, jibu limepatikana. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni ya pamoja ya watengenezaji iitwayo Matter, iliyokusudiwa vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane, tena humo humo ndani ya nyumba. Ni hatua nzuri, japo haiwezi kuondoa haja ya kuuliza.

Na je, nani atalipa LUKU? Swali hili kijana hakuliandika, na mama hakuliuliza kwa kuwa hakujua kama lipo. Nilichukua kalamu. Tukadirie vifaa vidogo ishirini, kila kimoja kikila wati moja tu kwa kukaa macho: ni wati 20. Ruta ya intaneti, wati 10. Kamera na mashine yake ya kurekodi, wati 30. Jumla ni wati 60 zisizolala. Kwa saa 24 na siku 30 inakuwa uniti 43 na kidogo kwa mwezi, kabla hujachemsha chai wala kuwasha taa moja ya kusomea sala za jioni. Wateja wadogo wa majumbani, wanaotumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wana bei yao nafuu. Mama amekuwa katika daraja hilo siku zote kwa sababu ana taa nne na redio. Vifaa vilivyonunuliwa ili kumsaidia vingekula zaidi ya nusu ya fungu lake, kisha vingemsukuma katika bei ya juu. Mwana anayemfungia mama yake mzigo huu, na alipe umeme huo kila mwezi kama alipavyo ada ya watoto wake. Kijana, nimshukuru, alikubali hapo hapo.

Nimefika kwenye kamera. Niwaombe radhi wale watakaojitambua katika simulizi hii, ingawa sitataja mtaa wala mwaka. Nilimpelekea mgonjwa Komunyo Takatifu nyumbani. Akaomba kwanza aungame. Wenye nyumba wakatoka nje kwa heshima, wakafunga mlango, nami nikavaa stola. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuanza kusema nilipoinua macho nikaona taa ndogo nyekundu pembeni mwa dari. Ilikuwa kamera, tena yenye kinasa sauti, na picha zake zilikuwa zikienda kwa mtoto wao aliye ng’ambo. Nilimsimamisha mgonjwa kwa upole. Tukambeba na kiti chake hadi chini ya mti nyuma ya nyumba, na pale akamaliza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuwa wameisahau tu kama mtu asahauvyo saa ya ukutani. Siri ya kitubio hamna budi kuijua: Kanuni ya 1386 ya Sheria za Kanisa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, humwadhibu hata yule anayerekodi ungamo kwa chombo. Lakini hata tukiacha ungamo, sebuleni ndipo mama na binti yake husutana wakasameheana. Hapo ndipo jirani huja kulia, na hapo ndipo wajukuu huulizwa maswali wasiyoulizwa mbele ya watu. Mengi kati ya hayo hayapaswi kuhifadhiwa popote.

Na kuna binti wa kazi. Katika mazungumzo yetu yote alikuwa akipita na maji ya kunywa, na hakuna aliyemwuliza lolote, mimi nikiwa wa kwanza kukosa. Kamera moja ilikusudiwa jikoni, “ili tujue anafanya nini.” Binti huyo ana miaka ishirini na moja, ametoka Matombo, ndiye atakayemwogesha mama akiugua. Kama tunamwamini kwa mwili wa mama yetu, mbona hatumwamini kwa sukari? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatukumbusha kwamba taarifa za mtu ni zake, naye ana haki ya kujua zinachukuliwa kwa sababu gani. Nadhani tulipaswa kujua hivyo bila sheria.

Kwa kamera ya nje sina neno. Wezi wapo, na geti lina haki ya kuwa na jicho. Ila itazame geti lako, isitazame ua wa jirani anakoanika nguo. Na neno la siri libadilishwe siku ile ile inapofungwa. Mwaka 2016 programu ovu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa sababu wenyewe waliziacha na maneno ya siri ya kiwandani, kisha Oktoba 21 ya mwaka huo ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, hata tovuti nyingi kubwa zikawa hazipatikani Marekani. Kamera ya kumlinda mama ikageuka mlango wa mgeni asiyepiga hodi.

Hayo yote nilimweleza kijana kwa simu, kwa urefu kuliko nilivyoandika hapa, na nakiri nilikuwa nimeanza kufurahia sauti yangu. Ndipo akasema neno lililoninyamazisha. “Padri, mwaka jana mama aliteleza bafuni. Alikaa sakafuni saa tatu kabla ya mtu kujua. Tangu siku hiyo mimi silali vizuri.”

Nilimwomba anisomee tena orodha. Akaisoma yote, polepole. Geti, kitasa, kamera, taa, kiyoyozi, kengele. Kulikuwa na njia saba za kumjua mtu anayeingia, na hapakuwa na kitu hata kimoja cha kumsaidia mama aliyeanguka. Hofu ya kijana ilikuwa ya kweli, na mapenzi yake ni ya kweli, lakini duka lilimwuzia ulinzi wa nyumba akadhani amenunua ulinzi wa mama. Tulianza upya. Chuma cha kushikilia ukutani bafuni na karibu na choo. Sakafu isiyoteleza. Taa ndogo ya chini, yenye kuhisi mtu anayepita, kutoka kitandani hadi chooni, maana usiku ndipo wazee wengi huanguka. Hii ndiyo taa ya kujiwasha ninayoiunga mkono bila shaka yoyote. Na kengele ya betri, kitufe kimoja kando ya kitanda na kingine bafuni, kilichofungwa chini kabisa ambapo mtu aliyelala sakafuni anaweza kukifikia. Tukajadiliana ilie wapi. Kijana alitaka ilie kwenye simu yake. Nikamwambia ilie huko pia, lakini Kariakoo ni kilomita zipatazo 190 kutoka bafuni kwa mama, na nyumba ya jirani ni hatua ishirini. Kengele ilie kwa jirani.

Basi jirani naye atahitaji ufunguo. Hapo ndipo mama, aliyekuwa akitusikiliza kupitia spika ya simu yangu, aliingia katika mazungumzo kwa mara ya kwanza. Alisema funguo ziwe nne: wake, wa binti wa kazi, wa jirani, na wa mwisho wa mwanawe, “akija mwenyewe, si simu yake.” Sisi tunakaa chini ya Uluguru, ambako kwa desturi ya Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, sikuona ajabu mama kujigawia funguo za nyumba. Kijana alicheka, akasema sawa mama. Kamera za ndani zimefutwa. Ya getini imebaki. Kiyoyozi kimeachiwa bomba tupu. Habari ya mota ya geti bado wanabishana, na ubishi huo nimewaachia wao.

Kuhamia, mama hajasema ndiyo. Amesema atalala kwanza usiku mmoja, aone kama nyumba inamjua.

Kubariki nyumba tumepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 4 asubuhi, lipu ikiwa imekauka. Jumuiya nzima inakaribishwa. Kengele ya mlangoni itakuwa haijafungwa, kwa hiyo mtakaochelewa pigeni hodi kwa sauti, mama atafungua.

Nawatakieni Dominika njema.